Kope Walizodhani ni Haya

Watu wa mtaa wetu walikuwa wakisema nina kiburi, nami nikiwaacha waseme, maana kuwaeleza kulikuwa kazi kubwa kuliko hicho kiburi chenyewe. Nilizaliwa na kope zilizoanguka. Zote mbili, ya kushoto zaidi. Ili nimwone mtu aliyesimama mbele yangu ilinibidi niinue kidevu, nikunje kipaji cha uso mpaka nyusi zikaribie nywele, kisha nimchungulie kwa ule mwanya mdogo uliobaki. Asiyenijua akiniona hivyo husema mtoto huyu anatutazama kwa dharau. Nilikuwa na miaka sita, sijui dharau ni mdudu gani.

Baba alikwisha kufariki. Nilikaa na mama katika nyumba ya mawe Mji wa Kale, kwenye kichochoro chembamba hata wanawake wawili wakikutana lazima mmoja wao ageuke ubavu. Mama alijaribu kila dawa aliyoisikia. Niliandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani, zikaoshwa nikanywa, nikafukizwa ubani, nikapakwa wanja uliosagwa pamoja na kitu ambacho mpaka leo sijaambiwa ni nini. Jirani mmoja akashauri kope zibandikwe kwa gundi ya mti. Zikanata kweli, na zilipobanduka zilibanduka na nywele zake. Mama aliponiona nalia akasema basi, aliloliandika Mungu halifutwi kwa gundi. Tangu siku hiyo hakutafuta dawa tena. Alitafuta njia ya kuficha.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Wakija wageni, nisiinue kidevu.

"Tazama tini, mwanangu," aliniambia. "Wewe utaona mkeka, wao wataona haya. Kila mtu atapata chake."

Basi nikakua nikitazama mkeka. Kwetu msichana anayeinamisha macho mbele ya watu wazima husifiwa kuliko anayejua kupika, na mimi nilisifiwa mno. Wanawake walioingia nyumbani niliwajua kwa miguu yao, nani ana hina mbichi na nani kisigino kimepasuka, lakini nyuso zao sikuzijua. Wakiondoka mama hufurahi, nami huinua kidevu nikapumzisha shingo.

Nilipofika umri wa kuposwa, reli ilikuwa ndiyo kwanza inatandazwa kwenda bara na kisiwa chetu kimejaa watu tusiowajua. Mwanamume kwetu hakuwa na ruhusa ya kumwona mchumba. Mama yake na shangazi zake ndio waliomwonea. Walikuja watatu, wakala halwa, wakanywa kahawa, wakaniuliza nimesoma mpaka sura gani. Nilijibu nikitazama mkeka. Mmoja, mwenye sauti nzito na vidole vya miguu vilivyopangana vizuri, akasema, "Mtoto ana haya huyu. Hata jito halinyanyui." Huyo ndiye aliyekuja kuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Mama akajibu, "Alhamdulillahi." Hakusema uwongo, kwa kuwa hakusema kitu.

Siku ya kutolewa bi harusi, wale walioliona jambo hilo wanajua linavyokuwa. Bi harusi hukalishwa kitini mbele ya wanawake wa mji, uso wazi, macho yamefumba, na kila aliyepo kazi yake ni kuangalia kama atachungulia. Akipepesa mara moja tu, kesho mji mzima una habari. Mabinti wengine hutoka jasho kwa kujizuia. Mimi sikuwa na shida. Nilikaa pale tangu alasiri, vigelegele vikipanda, wazee wakiniombea, na mavyaa akizunguka kuwaambia wageni wamtazame mke wa mwanawe alivyotulia. Katika maisha yangu hiyo ndiyo siku moja niliyosifiwa kwa macho yangu.

Mume wangu alikuwa karani wa forodha. Katika zile siku saba za fungate, siku mbili za mwanzo nilijibu kila alichouliza nikiwa nimeinama. Siku ya tatu akaniuliza, "Waniogopa?"

"Sikuogopi, bwana."

"Mbona hunitazami?"

Nikasema moyoni, potelea mbali. Nikainua kidevu, nikakunja kipaji, nikamchungulia. Nilingoja amwite mama, nilingoja aseme amedanganywa, maana alikuwa amedanganywa. Akacheka. "Kumbe mke wangu hatazami, yuwachungulia!" Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamume akilifanya. Alishuka kitandani akaketi sakafuni juu ya mkeka, akaniacha mimi juu, akauliza, "Hapo waniona?" Nilimwona. Akiwa chini yangu nilimwona bila kuumiza shingo.

Tangu siku hiyo tukiwa peke yetu alikuwa akiketi kwenye kigoda, mimi kitandani. Alikula hapo, alinisimulia habari za forodhani hapo, meli iliyokuja na shehena iliyooza na wakubwa walivyogombana. Miaka saba. Mwanamume mtu mzima, anayeandika kwa kalamu ya wino na kuvaa joho Ijumaa, anakaa kwenye kigoda cha jikoni ili mkewe amwone. Mungu hakutujalia mtoto, na hata hilo tulilibeba pamoja.

Mama yake hakuambiwa. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema tusimwambie. "Amekwisha kuwaambia watu wote," alisema huku akicheka. "Tutamvunjia furaha yake." Mavyaa alikaa vichochoro viwili kutoka kwetu. Kila Ijumaa nilikwenda kumwamkia, nikambusu mkono, nikaketi kwenye mkeka, kidevu kifuani. Kwake palikuwa na wanawake daima, na kila alipoingia bi harusi mpya wa ukoo aliambiwa anitazame mimi, ajifunze haya. Mmoja wao alinichukia waziwazi. Simlaumu, hata mimi ningejichukia.

Lakini kope hazikukaa zilipokuwa. Kila mwaka zilishuka kidogo. Nilikuwa nikishona kofia, kazi niliyofundishwa na mama, na kofia haitaki macho ya kuazima. Nilijifunga kitambaa kipajini, nikakikaza mpaka ngozi ikavutika juu na kope zikafuata. Nikishona nusu siku hivyo, kichwa kiliniuma siku nzima ya pili. Kisha hata kitambaa kikashindwa. Nikawa nashika kope ya kulia kwa kidole cha mkono mmoja na kushona kwa mkono mwingine, na kofia nyeupe zikatoka na vidoa vya damu. Siku nilipoanguka ngazini na kuteguka mkono, mume wangu alinikuta chini nimeushika, akaniambia, "Hivi haviwi tena."

Yeye ndiye aliyempata daktari. Masanduku ya Mzungu mmoja yalipita forodhani, ndani yake vyombo vidogo vidogo vya kupasulia macho, na mume wangu, aliyependa kuuliza, akauliza. Yule Mzungu alikuwa amekuja kukaa kwa muda hospitalini. Akasema kope za namna hiyo aliwahi kuziinua kwao.

Tulikwenda kwa toroli. Wasiozikumbuka toroli, zilikuwa viti viwili chini ya paa la turubai juu ya reli nyembamba, watu wawili wakisukuma kwa nyuma wakikimbia na kuimba. Nilijifunika gubigubi na kushika mkono wa mume wangu, kitu ambacho barabarani hakifanywi.

Daktari alijua Kiswahili kidogo, kile kilichonyooka mno. Alinitazama kwa taa, akaniambia nitazame juu, nitazame chini, akapima kwa kijiti. Halafu akamwambia mume wangu jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. "Nikivuta kidogo, halitafunguka. Nikivuta sana, halitafumba. Mimi najaribu kati. Kati ni kwembamba." Mume wangu akanigeukia. Nikasema naogopa. Akasema, "Mimi nipo," kisha akamwambia daktari, "Inua."

Alinitia matone, macho yakafa ganzi. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, mkasi na uzi unaopita kwenye nyama yangu mwenyewe. Mimi ni mshonaji, nilijua kila alipovuta. Kisha nikafungwa vitambaa, nikakaa gizani siku kadhaa, mama akinilisha.

Siku ya kufunguliwa mume wangu alisimama karibu na dirisha. Nilimwona. Kidevu changu kilikuwa mahali pake, nyusi mahali pake, na nilimwona mzima, kuanzia kofia mpaka kiunoni, kwa pamoja. Alikuwa na makovu ya ndui kwenye taya ambayo nilidhani ni kivuli. Ndevu zilikwisha kuingia mvi. Nilifurahi, sina neno jingine la kulipamba, nilifurahi mpaka nikaona haya. Yeye akacheka na kulia pamoja.

Jicho la kulia lilitoka zuri, mstari mwembamba tu juu yake usioonekana ila ukitafutwa. La kushoto liliinuka kupita kiasi. Weupe ulionekana juu ya mboni, na nilipoambiwa nifumbe, halikufumba. Nilipoinamisha macho la kulia liliinama, la kushoto likabaki limesimama pale pale. Daktari alilitazama muda mrefu. Akasema huenda litatulia baada ya miezi, akanipa mafuta ya kupaka, akaniambia nikilala nilifunge kwa kitambaa lisikauke. Alisema pole. Sijawahi kumkasirikia, aliniambia mapema kwamba kati ni kwembamba.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa mavyaa. Nilikwenda kwa furaha, ndiyo aibu yake. Miaka saba nimebusu mkono wa mtu nisiyejua sura yake sawasawa, na siku hiyo nilitaka kumwona. Alikuwa na uso mzuri, mpana, na kipini cha dhahabu puani. Nikambusu mkono, nikaketi, nikainamisha macho kama ipasavyo.

"Mbona wanikodolea mato?" akaniuliza.

"Si mimi, mama. Ni jito la kushoto, haliinami."

Wanawake wengine waliokuwapo wakageuka kunitazama. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Nilidhani ukweli utanisaidia, nikamweleza yote. Kwamba nilizaliwa na kope zilizoanguka, kwamba daktari ameziinua, kwamba zamani sikuweza kuinua macho na sasa siwezi kuyainamisha, na yote mawili si kosa langu.

Mavyaa alifikiri. Kisha akauliza polepole, "Siku ile tulipokuja kukuposa?"

"Siku ile pia, mama."

"Na siku ya kutolewa?"

"Pia."

"Na Ijumaa zote hizi?"

"Zote."

Akaurudisha mkono wake mapajani, akaufunika kwa leso. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. Kisha akawageukia wenzake, walewale aliowaambia miaka saba wajifunze kwangu, akasema, "Haya ya mke wa mwanangu ilikuwa ni ugonjwa. Mzungu ameukata." Yule bi harusi aliyenichukia alicheka. Wengine hawakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikifikiri leo naona alikuwa na haki ya kukasirika. Alijisifu kwa kitu, kumbe hakipo. Ila hakuwa na haki ya kukasirika muda mrefu vile. Na kuna swali ambalo ningemwuliza kama ningekuwa na ulimi wakati ule. Miaka yote ile nilimheshimu, nilimpikia alipougua, sikumjibu hata alipokosea. Hiyo haikuwa haya? Haya inakaa kwenye kope peke yake?

Mume wangu hakuja juu. Ningependa angekuja juu, tungegombana yakaisha. Alianza tu kuketi kitini. Nilimwambia siku moja, kwa utani, kigoda chako kinakungoja. Akasema, "Cha nini? Sasa waona." Alipokula aligeuka ubavu. Nikamwuliza kuna nini.

"Nikila wanitazama."

"Ni hilo jito, bwana. Wajua."

"Najua ni jito," akasema. "Nalo lanitazama."

Nikilala baada ya adhuhuri kitambaa kiliteleza, na mara moja aliingia akanikuta nimelala, jicho moja limefumba na moja limemkazia. Alitoka. Baadaye akaanza kupumzika chumba cha chini, akisema kuna baridi zaidi. Na kila jioni alipita kwa mama yake kabla ya kuja kwetu. Sikuhitaji kuambiwa wanazungumza nini. Nyumba ilikuwa ile ile, nami nilikuwa naiona vizuri kuliko wakati wowote, kila ufa wa chokaa, na sikuwahi kuwa mpweke ndani yake kama miezi ile. Nilikuwa najifunza kukaa na uso wangu umegeukia ukutani ili yeye ale kwa raha.

Ni yeye tena aliyesema twende kwa daktari. Nilifurahi, nikadhani anataka jicho la kushoto lirekebishwe lipate kufumba. Tulipanda toroli, tukakaa kila mtu upande wake.

Daktari alipima kwa kijiti chake tena. Akasema anaweza kulishusha kidogo. Huenda likakaa vizuri. Huenda likaanguka lote, na likianguka hatalishika tena, nyama imekwisha kukatwa. Kuona linaona vizuri. "Mwenye jicho aamue," alisema.

Mume wangu akasema, "Shusha yote mawili. Yarudi kama zamani."

Daktari alidhani hakusikia vizuri, akauliza, hata la kulia? Mume wangu akasema hata la kulia. Hakunigeukia mara hii. Alikuwa akitazama meza ya daktari, vile vyombo vidogo alivyovifurahia forodhani.

Nisidanganye. Nilitaka kusema ndiyo. Nilikitaka kigoda kile kuliko nilivyoyataka macho. Kama angenigeukia akasema, mke wangu, nimekukosa, rudi, ningelala pale pale mezani. Lakini alikuwa akimwambia daktari, kama mtu anayerudisha bidhaa iliyokuja siyo. Na wiki ile nilikuwa nimetunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, nikamaliza kofia nzima bila doa.

"Sitaki," nikasema.

Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kama mtoto anayenyang'anywa kitu mkononi, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Daktari akaweka taa chini. Mume wangu akainuka, akamshukuru kwa adabu, tukatoka.

Talaka ililetwa na mjomba wake baada ya siku kumi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, mwandiko wa karani. Mama aliisoma, hakusema nilikwambia, kwa kuwa hakuwa ameniambia kitu. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwa ule mkeka. Nikamkatalia. Sasa amekwisha kufa, na nyumba naikaa peke yangu. Nashona bado, kofia zangu zinatafutwa mpaka Lamu. Jicho la kushoto halikutulia. Hutoka maji pepo za kaskazi zikivuma, na wanawake wanaonijia hudhani nalia, wakanipa pole, nami huzipokea. Wengine husema mimi ni mkavu wa macho, natazama watu kama hakimu. Huwaacha waseme.

Lakini talaka yangu sikuipata kwenye ile karatasi. Niliipata siku ile ya daktari. Toroli haikutushusha kwetu, mume wangu alimwambia msukumaji atushushe karibu na kwa mama yangu. Akanisindikiza hadi mlangoni. Akasema, "Kaa hapa siku mbili tatu, mambo yatulie." Nikasema haya, bwana. Akaniambia nijipake mafuta yangu, nisisahau. Kisha akaenda.

Nilisimama kizingitini nikimtazama. Kichochoro chetu ni kirefu, kimenyooka mpaka kwenye kona ya msikiti, na jua lilikuwa zuri. Nilimwona alivyopisha mchukuzi wa maji, nikamwona akirekebisha kofia, kofia niliyoishona mimi, nikamwona akifika kwenye kona. Kwa macho yangu ya zamani angekwisha kunipotea hatua ya tano. Ningebaki nikisikiliza makubadhi yake, nikijiambia amesimama pale mwisho, amenigeukia mara moja. Ningeishi na hilo miaka yote hii, na nani angenikatalia? Lakini nilikuwa naona. Alipinda kona, na hakugeuka.